Pikipiki Aliyoitaka Baba Mkwe wa Kibati

Mwanangu, nikisikia pikipiki inapanda barabara ya Kibati, siku moja ya ujana wangu inanirudia yote, kuanzia harufu ya esanse, petroli yetu, mpaka sauti ya shangazi yangu Masika akituuliza tunafanya nini na kile kisu. Nitafika hapo. Ngoja kwanza nikae vizuri.

Juzi ulikuja na simu yako ukanionyesha picha, pikipiki na magari ya milimani ya kiwanda cha Kipepeo, zimepangwa moja chini ya nyingine kama nguo za mitumba sokoni. Ukaniuliza, "Papa mukubwa, ninunue gani?" Nikakujibu nitafikiri. Nimefikiri. Na kwa kuwa mdomo wangu ukishafunguka unapita njia nyingi kabla ya kufika, nimeona niandike, ingawa shule niliiacha mapema na kalamu inanichosha kuliko jembe. Ukikuta maneno yamepinda, yanyooshe mwenyewe, wewe umesoma.

Kipepeo, kama unavyojua, si jina la kiwandani. Jina la kiwandani hakuna mtu hapa Goma aliyewahi kulitamka sawasawa. Sisi tuliona mdudu mwekundu amechorwa kwenye tangi, tukamwita kipepeo, na jina likakaa. Zilianza kufika nilipokuwa kijana, nchi bado inaitwa Zaïre, zikitoka Mombasa na kupita Uganda juu ya malori, zimefungwa ndani ya mbao. Tulikuwa tunaenda kwenye depo kuziangalia zikifunguliwa kama watu wanaoenda kumtazama mtoto mchanga. Kilichotufurahisha ni bei. Ilikuwa bei ya mwalimu, ya muuza maharagwe, ya katekista. Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa kitu cha bwana mkubwa, na sisi wengine tulikuwa na kinga zetu, baiskeli za kukanyaga tu, na miguu.

Depo ilikuwa na aina tatu. Kwenye mbao ziliandikwa herufi na namba, lakini nani angeenda nyumbani kumwambia mke wake nimenunua herufi na namba? Tukazipa majina.

Ya kwanza tuliiita Sista, kwa sababu wa kwanza kuipanda walikuwa masista wa zahanati. Iko chini, na katikati imeachwa wazi ili mtu wa nguo ndefu apitishe mguu bila kujifunua. Mbele ina plastiki pana nyeupe ya kukinga miguu na matope. Kubadilisha vitesi, gia zake, unakanyaga tu, mkono wa kushoto haubani kitu. Inakunywa esanse kidogo sana. Masista walikuwa wanajaza chupa na kusahau walijaza lini.

Ya pili ni Ndugu. Hiyo haina maneno mengi. Kiti kirefu, injini ya kawaida, chuma cha kubebea mizigo nyuma. Ndiyo unayoiona leo kila pembe ya mji, motari, dereva wake, mbele, mama nyuma, mtoto katikati, na juu ya wote mkungu wa ndizi unaoshikwa na sijui nani.

Ya tatu ni Twiga. Ah, Twiga. Mapine, matairi yake, yenye meno, bati la matope limeinuliwa juu mbali na pine, bomba la moshi linapita karibu na kiuno, kiti kiko juu kama kiti cha jaji. Ilitengenezwa kwa njia mbaya, na sisi njia mbaya tulikuwa nazo. Kijana akipita na Twiga pale mtaani Majengo, hata wanawake waliokuwa wanasuka nywele walikuwa wanageuka na kichwa cha mwenzao mkononi.

Wakati huo nilikuwa nabeba maharagwe ya shangazi Masika, dada ya baba yangu, aliyekuja kutoka Butembo akiwa mjane na akajijengea biashara kuliko wanaume wengi. Yeye ndiye alinilea mjini. Na katika kubeba maharagwe nikafika Kibati, kwa mtu mmoja aitwaye Muzee Gaspard, mkulima, na kwa Muzee Gaspard nikamwona Furaha, binti yake. Huyo mama yako mkubwa Furaha unayemjua leo na fimbo yake, ungemwona wakati ule ungeelewa kwa nini nilianza kununua maharagwe hata msimu ambao hakuna maharagwe.

Basi wazee wetu wakaenda, wakakaa, wakaongea. Msemaji wa upande wetu alikuwa baba yangu mdogo, Papa Paluku, mtu wa maneno matamu. Na Muzee Gaspard akasema jambo lililoanza kuwa kawaida siku zile: ng'ombe hataki, majani ya kuwalisha hakuna tena. Badala ya ng'ombe wa mahari aletewe pikipiki. Na si pikipiki yoyote. Alitaka Twiga.

Alikuwa na sababu yake. Jirani yake, Muzee Léopold, alikuwa ameletewa Twiga na mkwe wake mwaka uliotangulia, na kila Jumapili alikuwa anaipitisha polepole mbele ya nyumba ya Gaspard akienda misa, ingawa kanisa liko upande mwingine.

Sasa Muzee Léopold alikuwa mrefu. Muzee Gaspard, Mungu amrehemu, alikuwa na kifua kipana na mikono ya chuma, lakini miguu yake ilikuwa mifupi. Nadhani umeona shida.

Ukoo ulijikusanya, kila mtu akatoa alichoweza, na mimi na rafiki yangu Jules, fundi mwenye garaji pale Murara, tukaenda kuitoa Twiga depo. Nilipoipanda mimi mwenyewe, na mimi si mfupi, ncha za vidole ndizo zilizogusa chini. Nikamfikiria Muzee Gaspard. Nikaiona aibu inakuja.

Kwa sababu kulikuwa na desturi. Kule kwao, ng'ombe wa mahari hahesabiwi kuwa amepokelewa mpaka baba wa binti amemwekea mkono mgongoni na kumzungusha uwanjani mbele ya koo mbili. Pikipiki zilipochukua nafasi ya ng'ombe, desturi haikufa, ilibadilika tu: baba anaipanda, anazunguka uwanja, anasimama mbele ya wazee, ndipo binti anatolewa nje. Nikamwona Muzee Gaspard kwenye akili yangu anazunguka vizuri, anafika mbele ya wazee, anapunguza mwendo, anateremsha mguu kutafuta ardhi. Na ardhi iko mbali. Halafu nikamwona yuko chini na Twiga iko juu yake, na Muzee Léopold anatazama. Baada ya hapo nani angemtoa binti?

Nikaenda kwa Papa Paluku.

"Papa, ile Twiga ni ndefu kwa Muzee Gaspard."

Alikuwa ananyoa ndevu. Hakugeuka.

"Aliomba nini?"

"Twiga."

"Na sisi tunapeleka nini?"

"Twiga."

"Basi uko unalia nini? Ao unataka niende nimuambie mutu wa watu kwamba mukwe wake alimupima miguu, akaiona haitoshi?"

Akacheka mpaka sabuni ikamwingia mdomoni. Na alikuwa na haki kwa upande wake. Ninyi watoto wa leo mnampigia baba mkwe simu, mnaongea mpira. Sisi, mkwe alikuwa mtu wa kutazamwa viatu. Huli mbele yake, humtaji jina, na mwili wake hauuzungumzii hata kwa sifa. Kumwambia ana miguu mifupi ilikuwa sawa na kuirudisha posa mwenyewe. Kwa hiyo kila mtu aliona, na kila mtu akanyamaza, na kunyamaza kwetu tukakuita heshima.

Jules ndiye aliyeleta akili ya fundi. "Tuishushe," akasema. "Vyuma vya mbele navipandisha ndani ya vishikio vyake, vya nyuma natafuta vifupi. Halafu kiti, natoa godoro lote ndani, nabakiza ngozi. Itashuka kiasi cha kutosha. Hakuna mutu atajua." Nikafurahi kama mtu aliyetolewa mwiba.

Hivyo ndivyo shangazi Masika alivyotukuta. Alikuwa amepita garajini kuniita kwa kazi ya magunia. Kiti cha Twiga kiko juu ya meza, ngozi imefunuliwa, Jules ameshika kisu cha kukatia godoro, mimi nimeshika ngozi kama mtu anayesaidia kuchuna mbuzi.

"Munafanya nini na hicho kisu?"

Tukamweleza. Nilimweleza vizuri sana, nikidhani atanisifu. Alisikiliza yote. Kisha akaketi juu ya pine kuukuu, akapanga kitenge chake magotini.

"Jules, ukiishusha, tumbo la hii kitu litakuwa wapi?"

"Chini kidogo, mama."

"Na mawe ya Kibati yatakuwa wapi?"

Jules akaweka kisu mezani. Kila mtu anajua mawe ya Kibati yako wapi. Ni yale yale meusi ya volkano, yamelala njiani kama migongo ya nguruwe, na injini iliyoshushwa ingeyapiga yote moja baada ya jingine.

"Sikilizeni," akasema shangazi, na hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Munaitengenezea siku moja. Siku ya ngoma, siku ya kuangaliwa. Atazunguka uwanja, watu watapiga vigelegele, wewe utachukua bibi yako muende. Na kesho yake? Muzee atafunga gunia la maharagwe nyuma, mvua inanyesha, hakuna mutu wa kupiga vigelegele, anakutana na ng'ombe njiani, anataka kusimama. Nani atakuwa pale kumushika? Wewe? Wewe utakuwa nyumbani kwako unakula sombe."

Akanitazama mimi peke yangu.

"Rudisha hiyo ngozi vizuri. Halafu kesho chukua hiyo Twiga yenyewe, funga gunia nyuma, nenda Kibati urudi. Ukirudi muzima, nitanyamaza na mimi."

Nilienda. Mwanangu, kwenye njia tupu Twiga ni raha, sitakudanganya. Unasimama juu ya vyuma vya miguu, mawe yanapita chini yako huko, unajiona unaruka. Nilianza kudhani shangazi hajui kitu. Kisha pale njia inapopanda juu ya mawe makubwa, akashuka kijana na chukudu, ile kinga yetu ya mbao isiyo na kanyagio, imejaa makaa, haina namna ya kusimama. Ikabidi nisimame mimi. Nikateremsha mguu. Upande ule kulikuwa na shimo kati ya mawe. Mguu ukatafuta chini, ukatafuta, na gunia nyuma likaamua kuinama kabla yangu. Kitu kizito kikishaanza kuinama, hakuna mkono unaokirudisha. Nikaanguka mbele ya akina mama waliokuwa wanatoka shambani, gunia likapasuka, maharagwe yakateremka barabara yote.

Yule wa chukudu akapita bila kupunguza mwendo. "Kaka," akasema, "ngazi inaegemezwa kwa ukuta."

Akina mama walicheka mpaka wakaweka mizigo chini. Halafu wakanisaidia kuokota maharagwe, na kila mmoja alibakiza kidogo kwenye kitenge chake. Mguu wangu ulikuwa umechunika kuanzia goti mpaka kifundo.

Shangazi aliponiona nachechemea hakusema nilikuambia. Alisema, "Sasa una kitu cha kumuambia mukwe wako."

"Shangazi, siwezi kuongea na mukwe mambo ya miguu yake."

"Nani alikutuma kwa miguu yake? Wewe huna miguu?"

Sikumwelewa. Nilielewa baadaye.

Akaenda kwa masista wa zahanati waliokuwa wananunua maharagwe kwake, akaazima Sista moja, akapanda nyuma yangu na kitenge chake kizuri, tukaenda Kibati. Kijana kwenda ukweni kabla ya siku ilikuwa vigumu, lakini ukienda na shangazi yako ni yeye aliyeenda, wewe ni dereva tu.

Tulipokelewa vizuri. Tukaketi. Baada ya salamu na habari za mvua, shangazi akasema, "Papa Gaspard, nataka kuona maharagwe yako ya shamba la juu. Huyu mutoto ananirusha njiani mpaka mgongo unauma. Nipeleke wewe." Muzee Gaspard alikuwa amewahi kujifunza kwa pikipiki ya katekista. Mwanamke mgeni amekuomba, utakataa vipi? Akapanda, shangazi akakaa nyuma, wakaondoka polepole wakipanda kwenye mawe. Niliwaona pale juu wakisimama kupisha mbuzi. Miguu yake yote miwili ilikaa chini, bapa, kama mtu aliyesimama kanisani. Wakaendelea.

Walirudi wakibishana bei, wanacheka. Akasimama katikati ya uwanja, shangazi akashuka bila kushikwa. Mzee akabaki amekaa pale juu anaendelea kuongea, injini inanguruma kidogo kidogo, amesahau kwamba yuko juu ya pikipiki.

Ndipo shangazi akasema, "Papa, hii ndiyo tungependa kukuletea."

Mzee akaizima injini. Akashuka. Akaenda kukaa kwenye kiti chake.

"Masika," akasema, "nilimulea huyu binti kwa mikono yangu. Unataka watu wa Kibati waseme nilimutoa kwa pikipiki ya masista?"

"Hapana, Papa."

"Léopold aliletewa Twiga. Mimi niletewe kitu cha kubebea dawa za minyoo?"

Shangazi alinigeukia mimi. Macho yake yakashuka mpaka kwenye mguu wangu uliochunika. Nyuma ya mlango nilisikia mtu ameacha kutwanga. Nilijua Furaha yuko pale, anasikia. Nilikuwa na uchaguzi wa kutazama viatu vya Muzee Gaspard mpaka jua lizame. Nikapandisha suruali.

"Papa," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine, "nilikuja na Twiga njia hii, na gunia nyuma. Kutembea inatembea vizuri. Kusimama ndiko kulinishinda. Pale kwenye mpando ilinitupa kwa mawe mbele ya watu. Mimi ni kijana, nitapona. Lakini kama kitu nilicholeta mimi kitakutupa wewe, Furaha atakuwa ananitazama kila siku akijua nani alikileta. Sitaweza kukaa naye hivyo. Ukisema Twiga, Twiga iko Murara, nzima, nitaileta. Nilitaka tu ujue kabla."

Nilijua nimekwisha. Mkwe ambaye hajaoa amefungua mdomo, amemfundisha mzee wa watu, tena ameonyesha mguu. Nilianza kumuaga Furaha moyoni, na kufikiri nitamwambia nini Papa Paluku.

Muzee Gaspard akainama. Akaushika mguu wangu akaugeuza kwenye mwanga kama anayekagua mguu wa ng'ombe.

"Uliweka nini hapa?"

"Majivu, Papa."

"Majivu. Ya nini, wewe ni chungu? Mama Furaha, tuma mafuta."

Mama yake akamtuma Furaha mwenyewe. Akaja na kichupa, macho chini kama inavyotakiwa, akakiweka karibu nami, na akiinama akasema kwa sauti ndogo, "Umesema mengi kwa mutu aliyekuja kuwa dereva." Nikajua angalau mmoja yuko upande wangu.

Mzee alikuwa bado anaiangalia ile Sista. "Watacheka," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Mama Furaha akajibu kutoka ndani, hakutoka, alikuwa na heshima zake. "Watacheka ukipita, watachoka. Ukianguka, watakuwa wanahadithia wajukuu."

Hapo Muzee Gaspard akacheka. Kidogo, puani. Kisha akauliza, "Hiyo plastiki nyeupe ya mbele, inatoka?"

"Inatoka, Papa."

"Basi mulete bila hiyo."

Ndivyo ilivyokuwa. Depo wakaipokea Twiga kwa kuwa Jules hakuwa ameitia kisu, mikwaruzo yake wakaikata kwenye bei, wakatupa Sista mpya, na pesa iliyobaki ikawa mbuzi. Siku ya mahari tukafika na Sista iliyovuliwa plastiki, miguu yake yote nje, na nyuma yake mbuzi wanalia. Muzee Léopold alikuwa mbele kabisa.

"Gaspard," akasema, "naona mutoto wa Twiga. Mama yake iko wapi?"

Watu wakacheka. Papa Paluku akafungua mdomo kuweka maneno yake matamu, lakini Muzee Gaspard alikuwa amekwisha kupanda. Akazunguka uwanja. Akasimama mbele ya wazee, miguu chini, kifua mbele. Desturi ilikuwa imetimia hapo, angeweza kushuka. Hakushuka.

"Léopold, panda nyuma."

"Kwenda wapi?"

"Panda. Ao unaogopa masista?"

Angekataa vipi mbele ya watu wote? Akapanda, magoti yake yamefika karibu na masikio kama panzi. Wakatoka wote wawili mpaka barabarani, wakapanda kwenye mawe, wakapotea. Tulingoja. Nilingoja mpaka jasho likanikauka. Waliporudi, wazee wawili walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa, na Léopold ameshika bega la mwenzake. Sijui waliongea nini huko juu. Furaha akatolewa nje.

Ulipofika msimu wa mvua, ile plastiki aliyoikataa nayo ikaleta habari. Kila alipotoka shambani, Muzee Gaspard alikuwa na matope mpaka magotini, na Mama Furaha amechoka kufua. Mzee akanitumia ujumbe kwamba kama ile takataka nyeupe bado iko garajini nimletee, anataka kuitumia kwa kuku. Jules akairudisha kwenye pikipiki. Nilipoipeleka, mzee alisema, "Basi, kwa kuwa umekwisha kuifunga." Kuku hawakuiona.

Tangu hapo Kipepeo wameleta vingine vingi. Ile ya magurudumu matatu yenye kitanda nyuma, Mama Soko, nimebeba nayo viazi, mbao, hata jeneza. Ni mwaminifu, lakini haitaki kona ya haraka, na ikiwa na mzigo kwenye mteremko unaomba kwa sauti. Ile ya magurudumu manne isiyo na paa, Kobe, yenye mapine manene, inapita hata kwenye mawe mapya yaliyomwagwa na mlima, lakini ni pana, inakunywa esanse kama harusi, na mjini haina pa kukaa. Ni ya watu wenye mashamba makubwa ya Masisi. Hicho kijigari chenye paa na viti viwili ulichonionyesha kwenye simu sijakipanda, kwa hiyo sitakisema. Twiga mpya wanaitengeneza bado, nzuri kuliko zamani. Mtu mrefu, anayeenda peke yake kwenye matope ya Masisi, namwambia achukue, asiangalie nyingine.

Lakini wewe uliniambia utabeba abiria kati ya Majengo na Kibati, na Jumapili utampeleka mama yako misa. Kisha nikaona kidole chako kila mara kinarudi kwenye picha ya Twiga. Nilikiona, mwanangu. Nimewahi kuwa na kidole hicho.

Nenda depo. Usiipande ukiwa peke yako umevaa miwani ya jua. Mwambie rafiki mmoja akae nyuma, mwingine ashike gunia, halafu usimame mahali penye mawe, sio juu ya sakafu yao ya simenti. Mguu ukikaa wote chini, hiyo ndiyo yako, iitwe Ndugu, iitwe Sista, iitwe jina la aibu kuliko yote. Uliza pia kama vipuri vyake vinapatikana sokoni Birere, maana pikipiki inayongoja kipuri kutoka ng'ambo ni kabati tu. Mimi kwa kazi yako ningechukua Ndugu, nikaweka chuma imara nyuma, na kofia mbili, ya kwako na ya mama yako.

Na hili ndilo nililotaka kukuachia, pikipiki ni mlango wake tu. Kitu unachochagua maishani, kazi, nyumba, hata mke, usikichagulie siku ya vigelegele. Kichagulie siku ya mvua, una mzigo, umechoka, hakuna anayekutazama, na inakubidi usimame ghafla. Na ukimwona mkubwa wako anaelekea kuanguka, usijifiche nyuma ya heshima kama tulivyofanya sisi. Usimpime miguu yake. Mwonyeshe mguu wako uliochunika, umwambie ukweli kwa upole, kisha umwache aamue mwenyewe. Atakayekukasirikia kwa hilo atakuja kukupaka mafuta.

Mungu akupe mikono inayojua kubana freni na moyo usiotaka kushindana kila kona. Abiria wako washuke wakikusalimia, mama yako azeeke nyuma ya mgongo wako bila hofu, na kila jioni urudi nyumbani, mwanangu, ukiwa na vumbi tu mwilini.